Senene Kwenye Friji la Chanjo

Mnakumbuka tulikomea wapi. Jumanne asubuhi, Nesi Kokugonza amerudi kutoka Bukoba, alikokaa siku nne akihangaika na fundi wa nguo za sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Amefika kazini kwenye Zahanati ya Kyamulera, juu kidogo ya Izigo, kitongoji ambacho mkikitafuta kwenye ramani mtachoka bure. Uwanjani kuna akina mama hamsini na watoto wa kuchanjwa. Ameingia stoo, amevuta mlango wa friji la chanjo, na hapo hapo amepiga yowe.

Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua aliona nini. Wengine mkasema maiti, wengine mkasema nyoka. Aliona senene.

Ndiyo, senene, wale panzi wa kuliwa! Vindoo sita vya plastiki, vimejaa senene wabichi, mabawa na miguu vimeshanyofolewa, vimesukumwa katikati ya trei za chanjo za watoto. Na kitufe cha baridi, ambacho siku zote hukaa kwenye namba tatu, kilikuwa kimezungushwa hadi saba. Kuta za ndani zilikuwa zimeota barafu nene ya kukwangua kwa kisu.

“Gozbert!”

Msomaji, Gozbert ndiye mganga mfawidhi, mkubwa wa zahanati. Kwa miaka mitatu Kokugonza hajawahi kumwita bila kutanguliza Dakta. Leo Dakta ilisahaulika.

Gozbert akaja anatafuna chapati. “Kelele za nini, nesi? Unatisha wagonjwa.”

“Senene wako wanafanya nini humu?”

“Wangu? Nani kakwambia ni wangu?”

“Nani mwingine hapa anauza senene wa kugandisha? Nani kila Desemba anapakia maboksi kwenye mabasi ya Dar?”

“Wangu wako kwenye friza ya Haidari dukani. Nenda kamuulize Haidari. Hawa siwajui.”

Kokugonza hakumsikiliza. Alikuwa ameshachomoa kichupa kimoja cha chanjo kutoka trei ya chini. Akakigonga mezani. Kikalia ko! Kilikuwa barafu tupu.

Akachomoa cha pili. Barafu. Cha tatu. Barafu.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, na nitalieleza haraka. Chanjo ile ni ya pentavalenti. Sindano moja inamkinga mtoto na magonjwa matano, kifaduro, pepopunda na donda koo yakiwemo. Haitaki joto, hilo kila mtu analijua. Lakini ikiganda, imekufa. Iyeyushe, ioshe, iombee, haifufuki. Ukimchoma nayo mtoto, umemchoma maji, na mama yake anarudi nyumbani akidhani mwanawe amekingwa.

“Imekufa,” Kokugonza akasema. “Yote imekufa.”

“Usikuze mambo,” Gozbert akasema, akijifuta mafuta ya chapati. “Zilizoganda ni za trei ya chini. Hizi za mlangoni ni maji, tazama. Tunatupa zilizoganda, tunachoma zilizo maji. Kazi iendelee.”

“Zinaweza kuwa ziliganda zikayeyuka! Jana umeme si ulikatika mchana kutwa? Nimesikia kwa dereva.”

“Baridi imewahi kuharibu nini, nesi? Samaki wanagandishwa, nyama inagandishwa.”

“Dakta, wewe umesoma darasa lile lile nililosoma mimi!”

Alikuwa amesoma, na alikuwa anajua. Sasa kwa nini mtu anayejua anajifanya hajui? Jibu lilikuwa limebandikwa mbele ya macho yao, kwenye mlango wa friji.

Ni karatasi ya joto. Kila asubuhi na kila jioni mtu anatakiwa kufungua friji, kusoma kipimajoto na kuandika namba. Kokugonza alipoondoka Ijumaa, kazi hiyo ilibaki kwa Gozbert. Kokugonza akaisoma. Ijumaa jioni, nyuzi tano. Jumamosi asubuhi, tano. Jioni, tano. Jumapili tano na tano. Jumatatu tano na tano. Jumanne asubuhi, tano.

Jumanne jioni, tano.

Kokugonza akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

“Jioni ya leo umeisomaje, Dakta? Au una friji lingine linalotangulia siku?”

Chapati ikasimama mdomoni mwa Gozbert. Mimi ninayewasimulia, hasira zilinipanda hapo, na mpaka sasa hazijashuka. Siku nne, mtu ameshindwa hata kufungua mlango wa friji. Angefungua mara moja tu, angewakuta wale senene wanamtazama.

“Sikiliza, Kokugonza,” akasema kwa sauti ya chini. “Mimi na wewe tuna kazi, na kazi hazipatikani. Nje kuna akina mama hamsini. Na kijijini Buganguzi wananisubiri. Friji la kule ni bovu tangu mwezi uliopita, watoto wanategemea vichupa vyetu. Tukisema friji limeharibu chanjo, wilaya inakuja. Ikija, inasoma karatasi.”

“Iisome!”

“Ikiisoma, tunaondoka wote. Funguo za friji ni mbili, mmoja wangu, mmoja wako. Wako ulikuwa wapi tangu Ijumaa?”

Swali lile lilimpata. Maana kanuni inasema ukisafiri unakabidhi ufunguo kazini, tena kwa kusaini. Kokugonza alikuwa na haraka ya gari la Bukoba, akamwachia mama yake nyumbani, akamwambia, Mama, ukipita zahanati mpe Dakta. Basi.

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa.

“Mnagombania nini mpaka presha yangu inapanda hata kabla ya kupimwa?”

Aliyeingia ni Ta Ildefons. Hilo “Ta” ni heshima ya Kihaya kwa mwanaume mtu mzima, lakini huyu heshima hakuwa mwepesi kuirudisha. Alisambaza chanjo Muleba nzima miaka thelathini na minne, akastaafu, na sasa kila mwezi anakuja kuchukua dawa za presha na kukosoa kila kitu anachokiona. Watumishi wakimwona getini wanajificha.

Akachungulia friji. Akaona barafu. Akaona vindoo. Uso ukabadilika.

“Nani kafanya hivi?”

“Hatujui, Ta,” Kokugonza akajibu. “Dakta anasema tuchome zilizo maji.”

“Dakta anasema hivyo?” Mzee akamgeukia Gozbert. “Sema tena nikusikie.”

“Mzee, wewe umestaafu. Nenda benchi la wagonjwa.”

“Siendi! Mimi nimebeba barafu wilaya hii kabla mama yako hajakufunga nepi!”

Na hilo ni kweli. Kabla ya umeme kufika huku, zahanati zilikuwa na friji za mafuta ya taa. Utambi ukitoa moshi, friji linapata moto kama jiko. Kwa hiyo Ta Ildefons alikuwa anapanda baiskeli hadi Bukoba, anaomba barafu kwa watu wa samaki, maana wao ndio walioleta mashine za barafu. Anavunja bonge, analifukia kwenye gunia la makapi ya kahawa ili lisiyeyuke, analifunga nyuma, anarudi na milima yote ile. Watu wakiona maji yanadondoka kwenye gunia walijua chanjo inapita. Wakati huo barafu ilikuwa mali. Mwenye barafu alipishwa njia.

“Mwaka themanini na sita,” akasema, “nilitaka kuwapita wenzangu wote. Nikalaza vichupa juu ya barafu yenyewe, nikainyunyizia chumvi ili baridi izidi, vikakaa humo safari nzima. Vikafika vimeganda kama mawe. Nikasifiwa! Nikapewa cheti cha mfanyakazi bora, kiko ukutani mpaka leo. Mwaka uliofuata kifaduro kikaingia. Nilimzika mtoto wa dada yangu, na nilikuwa nimemchanja mwenyewe.”

Akamsogelea Gozbert.

“Sasa wewe kijana niambie tena. Unachoma zilizo maji?”

Gozbert akakohoa. “Hatuna ushahidi kwamba zimeharibika, mzee. Hilo tu ninasema.”

“Ushahidi unataka? Nusu saa. Nesi, lete vichupa viwili.”

Kokugonza akavitoa vindoo, akavipanga sakafuni, wakahamia chumba cha sindano. Ta Ildefons akaweka mezani kichupa kimoja kilichoganda na kimoja cha mlangoni, vyote vya toleo moja, namba zinafanana. Akaelekeza kwa maneno machache. Hiki tunajua kimeganda, kwa hiyo kimekufa. Hiki tunakishuku. Kilichoganda kikiyeyuka, tunavitikisa vyote pamoja, tunaviacha vitulie, tunatazama. Dawa iliyokufa, unga wake unazama chini upesi na juu yanabaki maji. Dawa iliyo hai inabaki na ukungu wake muda mrefu.

“Fanyeni michezo yenu,” Gozbert akasema. “Mimi natoka nje kupiga simu wilayani.”

Kokugonza alishangaa. “Unawaambia?”

“Si ndiyo unachotaka?” Akatoka.

Shikeni hapo hapo, wasomaji. Nesi wetu alifurahi. Alidhani mtu amepata haya.

Kichupa kilichoganda kikayeyuka taratibu. Kokugonza alikikodolea macho bila kukigusa. Nje mtoto mmoja alilia, wakafuata watano. Joyness, mama mmoja mwenye sauti, akagonga dirishani.

“Nesi! Tumefika hapa saa moja. Mnachanja au mnafunga ndoa humo ndani?”

“Kidogo tu, Joyness, vumilia.”

“Kidogo yenu ninaijua mimi.”

Ndipo mlango ukafunguliwa tena. Safari hii aliyeingia alikuwa na kanga mbili, kikapu kichwani, na uso wa furaha kabisa. Annastella, mama mzazi wa Kokugonza.

“Mwana wange, umerudi! Nimeambiwa na watu wa barabarani, umerudi na hata nyumbani hukupita!” Akatua kikapu. Kisha akageuka, akaona kupitia mlango wa stoo vindoo sita vimepangwa sakafuni. Akashika kichwa. “Waitu! Nani amewatoa nje senene wangu? Wataoza hao!”

Ta Ildefons akafumba macho.

Kokugonza hakuelewa mara moja. Alisikia, ila maneno yalikataa kuingia. “Senene wa nani, Mama?”

“Wangu. Wa mkwe! Wa Avit!” Mama akaokota vindoo kuvirudisha kwenye friji. Ilibidi mwanawe amshike mikono yote miwili kabla hajaufungua mlango.

Ngoja niwape upande wa mama huyu, halafu mumhukumu wenyewe. Ukoo wao una taratibu yake. Mama mkwe hampi mkwe senene wa kununua, wala waliokaangwa jana. Anaokota mwenyewe, ananyofoa mwenyewe, na mkwe anawakuta wabichi, wanakaangwa mbele ya macho yake siku anapokuja kumchukua binti. Zamani harusi ndiyo iliyowafuata senene, Novemba kwa Novemba. Siku hizi zimekuja friza, basi senene ndio wanaoisubiri harusi. Avit yuko Geita, fundi umeme, likizo yake ni Krismasi. Annastella ameamka alfajiri wiki tatu kuokota wale senene. Wawekwe wapi mpaka Krismasi?

“Kwa Haidari!” Kokugonza akapaza sauti. “Si kuna friza kwa Haidari?”

“Imejaa. Na kule wanachanganya. Nimpe mkwe wangu senene wa watu?”

“Kwa hiyo ukaja kuwaweka na chanjo za watoto?”

“Ijumaa nimekuja kumpa Dakta ufunguo kama ulivyoniagiza. Saa nane mchana. Hakuna Dakta, hakuna mtu, milango wazi. Nikasema hili si friji? Nikafungua. Nikaona nafasi ipo, nikawaweka, kufuli nikaliacha wazi.”

“Na kitufe? Nani kazungusha kitufe hadi saba?”

“Mimi.” Mama alijibu bila woga, tena kwa kujivunia kidogo. “Nimeona kiko tatu. Tatu ni nini? Nikasema hawa watu wanabania baridi, ndiyo maana dawa zao haziponyi. Nikazungusha mpaka mwisho, na dawa za watoto nazo zipate baridi ya kutosha. Baridi ikizidi, si ndiyo kitu kinakaa vizuri zaidi?”

Kokugonza alimtazama mama yake, mama aliyemsomesha kwa ndizi na kahawa, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kumpiga. Nalisema kama lilivyo. Alitamani, akaiweka mikono nyuma.

“Umeziua, Mama.”

“Nimeua nini?”

“Chanjo. Baridi imeziua.”

“Dawa inakufa kwa baridi?” Mama akacheka. Akamtazama Ta Ildefons acheke naye. Mzee hakucheka. “Ta Ildefons, si wewe uliyekuwa unatuletea barafu? Si wewe uliyetuambia barafu ndiyo uhai wa dawa?”

Jamani. Mzee alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Swali lile lilikuwa lake, na miaka karibu arobaini lilikuwa linamsubiri. Akasema tu, “Niliwaambia. Nilikosea, na sikurudi kuwaambia kwamba nilikosea.”

Kichupa kilikuwa kimeshayeyuka.

Kokugonza akachukua vyote viwili mkono mmoja, akatikisa, akaviweka mezani dirishani. Vyote vikawa vyeupe kama maji ya wali. Wakainama watatu, pua karibu na meza. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya tatu, kile kilichoganda kikaanza kuachana, chembechembe zinashuka.

“Tazama kile kingine,” mzee akanong’ona.

Kile kingine, cha mlangoni, kile ambacho Gozbert alitaka wachome watoto, kilikuwa kinashuka vile vile. Baada ya dakika kumi vyote vilikuwa na maji juu na tope jeupe chini. Usingejua kipi ni kipi.

“Imekufa yote,” Ta Ildefons akasema.

Annastella alikuwa ameacha kucheka. “Hawa watoto walioko nje...”

“Hawachanjwi leo, Mama.”

“Na watu watajua ni mimi?”

Kokugonza akatoka barazani.

Hasira ya akina mama waliotembea tangu alfajiri, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, si jambo la kusimuliwa kwa maneno mawili. Aliposema tu kwamba leo hakuna chanjo, uwanja ulilipuka.

“Wiki iliyopita mlisema mabomba ya sindano yameisha!”

“Mimi nimetoka ng’ambo ya bonde kwa miguu!”

“Watoto wa wakubwa mmeshawachanja, sisi ndio mnatuzungusha!”

“Nisikilizeni!” Kokugonza alipaza sauti mpaka ikakwaruza. “Chanjo iliyomo imeganda. Nikiwachoma watoto wenu, nawachoma maji. Nani anataka mwanawe achomwe maji anyooshe mkono!”

Hakuna aliyenyoosha.

Joyness akasogea mbele na mtoto wake kifuani. “Imegandaje? Friji si linafungwa? Nani alilifungua?”

Hapo, wasomaji, ndipo nesi wetu alipoteleza. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, kanga ameizungusha kichwani. Wote wanaishi kitongoji kimoja, wanachota maji kisima kimoja. Kokugonza alifungua mdomo, akaona uso ule, akasema, “Hitilafu. Ilikuwa hitilafu ya friji. Wilaya imeshapigiwa simu.”

Aliongopa. Nampenda, lakini aliongopa, na uongo ule haukudumu hata robo saa.

Akarudi ndani kufunga friji kwa kufuli, vichupa vile vibaki kuwa ushahidi. Akafungua mlango kwanza kuvihesabu.

Trei ya chini ipo. Mlangoni hakuna kitu. Vichupa vyote vilivyokuwa maji vimeondoka. Na kile kiboksi cha buluu cha kubebea chanjo, kinachokaa juu ya kabati siku zote, hakipo.

“Dakta yuko wapi?” akauliza.

“Ameondoka zamani,” akajibu mlinzi kutoka nje. “Mlipoanza tu yale mambo ya vichupa. Amepanda pikipiki yake na kiboksi. Kasema anawahi Buganguzi.”

Simu wilayani! Hakupiga simu yoyote. Alikuwa anavuna vichupa vilivyokufa nyuma ya mgongo wao, awapelekee watoto wa Buganguzi, ili kazi ionekane imefanyika na karatasi yake ya tano tano ibaki salama.

Kokugonza alimpigia. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena, imezimwa. Akatazama saa. Ni saa nzima imepita, na pikipiki ya Gozbert haijui kwenda polepole. Hata akipata bodaboda sasa hivi, hafiki.

Akakumbuka Datius. Datius ni mhudumu wa afya wa jamii kule Buganguzi, ndiye anayewakusanya akina mama kwenye ghala la kahawa siku za chanjo. Akapiga huku anatembea kurudi barazani, maana mtandao unashika vizuri pale tu. Akina mama walikuwa bado wapo. Joyness aliona uso wake, akasimama.

“Kuna nini tena, nesi? Weka sauti kubwa, na sisi tusikie.”

Kokugonza hakuwa na muda wa kubishana. Akaweka.

“Haloo, Datius! Usiruhusu mtoto hata mmoja achomwe. Chanjo aliyobeba Gozbert imekufa!”

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watoto. Datius alijibu kwa kunong’ona.

“Nesi, nimeambiwa nisipokee simu yako.”

“Nani kakwambia?”

“Dakta. Amefika muda si mrefu. Ametutangazia hapa kwamba umesimamishwa kazi leo asubuhi. Kwamba umegeuza friji la serikali kuwa la kuhifadhia senene wa harusi yako, Haidari kamwambia mama yako alikosa nafasi kwenye friza yake, umekamatwa nao, na sasa unatafuta wa kwenda naye chini. Akina mama wote wamesikia.”

Uwanjani Kyamulera, Joyness alimtazama nesi, akamtazama Annastella mlangoni, akarudi kwa nesi.

“Nimepokea kwa sababu moja,” Datius akaendelea. “Mtoto wa kwanza kwenye foleni ni wa kwangu. Mke wangu ameshamshika mguu, na Dakta anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kwa hiyo nijibu swali moja, upesi, nijue nani ananidanganya. Senene ni wenu au si wenu?”

Akisema si wetu, Datius ataendelea kumwamini, na mama yake atabaki na heshima yake. Lakini Gozbert yuko pale pale na ukweli wake nusu, anaweza kuuthibitisha kwa simu moja kwa Haidari. Akisema ni wetu, Gozbert anakuwa mkweli mbele ya kila mtu. Na mkweli akishika sindano, nani atamzuia?

Annastella akatoka mlangoni. Akavua kanga kichwani ili waliokuwa hawajamtambua wamtambue. Akamwambia mwanawe kwa Kiswahili, si kwa Kihaya, wote waelewe.

“Mwambie.”

“Ni wetu!” Kokugonza alipiga kelele kwenye simu. “Ni wa mama yangu, wa harusi yangu. Ufunguo ni wangu, na niliuacha nyumbani. Hapo Gozbert hajadanganya! Nifukuzeni, nifungeni, lakini baridi waliyozidishiwa hao senene ndiyo iliyogandisha vichupa hivyo, na Gozbert anajua. Nimevijaribu mwenyewe, Datius, vimekufa. Mshike mkono! Mshike mkono!”

Simu ikaanguka upande wa pili. Walisikia kishindo chake. Walisikia kiti kinasukumwa, mwanaume anafoka, mwanamke anaita jina la mume wake mara mbili.

Kisha mtoto akalia. Kilio kimoja kirefu cha ghafla. Akina mama hamsini pale uwanjani walikuwa wameshakisikia kilio cha namna ile, kila mmoja kwa mwanawe, juu ya mapaja yake mwenyewe.

“Datius!” Kokugonza akaita. “Amemchoma? Datius, amemchoma?”

Hakuna aliyeiokota simu.